Usingizi, ndoto, vilevi na maruweruwe: maswali ninayoulizwa hapa Dodoma

Nafanya kazi ya unasihi hapa Dodoma mjini, na mara kwa mara natoka kwenda vijijini. Mtu akija huanza na kichwa kuuma, au tumbo. La usingizi hulitoa mwisho, akishasimama na kushika kitasa cha mlango: "Halafu mtaalamu, kuna kitu kingine." Hicho kitu kingine ndicho kilichomleta. Haya hapa ni maswali ya mlangoni, pamoja na majibu ambayo ningetamani kila mmoja ayapate mapema.

Naamka usiku siwezi kusogeza hata kidole, kuna kitu kimenikalia kifuani. Nimetumiwa?

Hili ndilo swali naloulizwa kuliko mengine yote, na anayeuliza mara nyingi ameshakaa nalo miaka. Mama mmoja wa Chamwino alihama nyumba mara mbili kwa ajili yake. Jinamizi likamfuata kote.

Ili uelewe kinachokupata, jua kwanza kwamba usingizi si kitu kimoja. Mtu mzima hupita katika mizunguko minne hadi sita kwa usiku, kila mmoja ukichukua kama dakika 90. Ndani ya mzunguko kuna usingizi mwepesi, kuna usingizi mzito wa kulala fofofo, halafu kuna hatua ambayo macho hukimbia huku na huku chini ya kope. Hatua hiyo huitwa REM. Iligunduliwa Chicago na Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, wakaitangaza mwaka 1953. Aserinsky alikuwa amemfunga mwanawe wa miaka minane vipimo kichwani akakaa macho kumwangalia. Ndoto ndefu zenye visa na watu hutokea zaidi hapo.

Sasa, ukiota unakimbizwa na fisi, kwa nini miguu yako haikimbii kitandani? Kwa sababu shina la ubongo huzima misuli wakati wa REM. Michel Jouvet, Mfaransa wa Lyon, alionyesha hilo kwa paka: alipoharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo, paka waliolala waliinuka wakawinda panya wasiokuwepo. Mwili wako una breki hiyo hiyo. Jinamizi ni pale akili inapozinduka kabla breki haijaachiwa. Macho yanaona chumba, mwili haujarudi.

Uzito kifuani nao una maelezo. Katika REM misuli ya mbavu hulegea na unapumua kwa kiwambo tu, pumzi fupifupi. Ukizinduka na kutaka kuvuta pumzi ndefu kwa nguvu, kifua hakitii, nawe unahisi umekaliwa. Wakati huo huo sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu inawaka, na mabaki ya ndoto yanachanganyika na chumba halisi: kivuli mlangoni, hatua za miguu, mtu asiye na uso. Kila nchi imempa jina lake. Katika kisiwa cha Newfoundland, Kanada, humwita bibi kizee. Hofu ya Popobawa, jini aliyesemekana kuvamia watu usiku, iliyowakesha watu Unguja na Pemba mwaka 1995, wapo watafiti wanaoihusisha na hali hii hii. Kati ya watu 100, kama wanane hivi hupatwa nayo angalau mara moja maishani.

Huja zaidi ukilala chali, ukikosa usingizi siku kadhaa, ukibadilisha zamu za kazi, au ukiwa na msongo. Likikukaba, usipigane na mwili mzima. Elekeza nguvu kwenye kidole kimoja cha mguu, au sogeza ulimi, pumua polepole. Linaisha lenyewe kwa sekunde chache au dakika chache. Jaribu kulala ubavu. Lakini ukiona pia unasinzia mchana bila kujizuia, na magoti yanalegea ghafla ukicheka, nenda kwa daktari, kwa maana hiyo inaweza kuwa nakolepsia, nayo ina matibabu.

Kwa hiyo unasema uchawi haupo?

Sikai pale kubishana na imani ya mtu. Nasema hivi: jambo hili mwili unalifanya wenyewe, kwa njia inayojulikana, bila kuhitaji mkono wa jirani. Na nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimemwona bibi wa miaka sabini akinyooshewa kidole na ukoo mzima, kosa lake likiwa kwamba mke wa mjukuu alikabwa mara tatu tangu ahamie pale. Yule binti alikuwa ametoka kujifungua. Alikuwa halali. Hicho ndicho kilichokuwa kinamkaba.

Ndoto zina maana?

Sigmund Freud, katika kitabu chenye tarehe ya 1900, alisema ndoto ni matamanio yaliyojificha. Mwaka 1977 Allan Hobson na Robert McCarley wa Harvard wakaja na jibu lingine kabisa: shina la ubongo hurusha ishara ovyo wakati wa REM, na ubongo wa juu unajitahidi kuzitungia hadithi. Mimi naegemea kundi la tatu, linalosema ndoto huendeleza mambo ya mchana. Mfugaji wa Bahi huota ng'ombe. Mkulima huota mvua mwezi wa kumi na moja, anapotazama anga halina wingu. Mtumishi aliyehamishiwa Dodoma akaacha watoto Dar es Salaam huota amepoteza kitu, hajui nini.

Basi usiniulize nyoka maana yake nini. Niambie ulipomwona nyoka ulihisi nini, na hisia hiyo umeipata wapi tena wiki hii. Hapo mazungumzo huwa na faida.

Kumwota marehemu ni jambo la kawaida sana katika kuomboleza, na wengi huamka wamefarijika. Ndoto inayojirudia vilevile baada ya ajali, kubakwa au kupigwa ni habari nyingine: hiyo ni dalili ya jeraha la akili na inatibika. Mojawapo ya njia ni kuiandika mchana, kuibadilisha mwisho wake upendavyo, kisha kuipitia ile mpya akilini kila siku ukiwa macho. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni mchezo wa watoto, lakini nimeona watu wazima wakilia kwa nafuu baada ya majuma machache.

Kuna dawa za hospitali zinazoleta ndoto mbaya?

Zipo. Efavirenzi, iliyokuwa kwenye kidonge cha ARV ambacho wengi walikinywa hapa nchini kabla ya kuhamia kwenye dolutegraviri, ilijulikana kwa ndoto kali na kizunguzungu. Dawa ya malaria iitwayo meflokwini pia. Propranololi ya presha nayo, kwa baadhi ya watu. Usiache dawa kwa sababu ya ndoto. Mwambie aliyekuandikia, anaweza kubadilisha dawa au saa ya kumeza.

Kila siku naamka saa nane usiku. Ni ugonjwa?

Huenda sivyo. Hapa katikati ya Tanzania tuna bahati ya kuishi karibu na Wahadzabe wa Mkalama na bonde la ziwa Eyasi, ambao watafiti wa usingizi kutoka duniani kote wamewafuata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapima Wahadzabe pamoja na Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wasio na umeme. Walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na malalamiko ya kukosa usingizi yalikuwa machache mno. Mwaka 2017 ukaja mwingine ulionifurahisha zaidi: Wahadzabe 33 walivalishwa vipimo kwa siku 20, na katika muda wote huo ni dakika 18 tu ambapo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Kila saa ya usiku yupo aliyekuwa macho. Wazee hulala mapema na kuamka mapema, vijana kinyume chake, na kambi haikosi mlinzi ingawa hakuna aliyepangwa zamu.

Kwa hiyo babu anayezinduka saa tisa usiku mwili wake haujaharibika. Kinachoharibu ni yanayofuata: kuangalia saa, kuhesabu masaa yaliyobaki, kufungua simu. Usipopata hata lepe la usingizi kwa kama dakika 20, toka kitandani, kaa gizani au kwenye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Amka saa ile ile kila asubuhi, hata kama usiku ulikuwa mbaya, kisha toka nje. Jua la Dodoma hatununui, na mwanga wa asubuhi ndio unaopanga saa ya ubongo.

Nikinywa kidogo nalala vizuri. Kuna ubaya gani?

Unalala haraka. Vizuri, hapana.

Pombe, iwe wanzuki, gongo, bia au mvinyo wetu wa zabibu, hutuliza ubongo na kukuangusha upesi. Saa za mwanzo inaikandamiza REM. Ukinywa saa mbili usiku, ikifika saa saba au saa nane pombe imeshapungua damuni, na ubongo uliokuwa umeshikiliwa chini unaruka juu: jasho, moyo kwenda mbio, mkojo, ndoto za kutisha, kuamka kabla ya jogoo. Kesho umechoka, jioni unatafuta tena kile kilichokuangusha jana. Hivyo ndivyo "kidogo cha usingizi" kinavyogeuka chupa, na nimeona kikimgeuza mtu mpole kuwa mgeni kwa watoto wake.

Kuna jambo moja ambalo naomba lisomwe kwa sauti nyumbani kwa kila mnywaji wa kila siku. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuanza kutetemeka, kupata homa, kuona wadudu ukutani na kuongea na watu wasiokuwepo. Familia inadhani amerogwa au amepata kichaa, inamfungia ndani. Hali hiyo inaua. Ni dharura ya hospitali, usiku huo huo, na dawa zake zipo. Na aliyekunywa gongo kisha akaona ukungu machoni, naye apelekwe mara moja; huenda ilikuwa na methanoli, ambayo hupofusha.

Niliacha bangi, sasa naota ndoto za ajabu. Inanirudisha?

Hapana, hayo ni malipo ya deni. Bangi nayo hupunguza usingizi wa ndoto. Ukiacha, REM iliyozuiwa inarudi kwa kishindo, ndoto zinakuwa ndefu, zenye rangi, nyingine ukijiota unavuta. Huanza siku chache baada ya kuacha na huchukua majuma. Wengi hurudia kuvuta kwa sababu ya hizo ndoto, wakidhani bila bangi akili zao hazitakaa sawa. Vumilia. Zinapungua.

Ninachoogopa zaidi ni kijana wa miaka 14 anayevuta kila siku, hasa kama katika ukoo kuna mwenye skizofrenia. Kwake bangi inaongeza uwezekano wa kusikia sauti na kushuku kila mtu, na hali hiyo si lazima iondoke stimu zikiisha.

Naendesha lori usiku. Mirungi au kahawa?

Mirungi imepigwa marufuku kwa sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, na kemikali yake, kathinoni, ni ndugu wa amfetamini: inakukesha, halafu inakuangusha ghafla.

Kahawa ina kazi tofauti. Tangu unapoamka, dutu iitwayo adenosini inajikusanya kwenye ubongo, na ndiyo inayokulemea kope. Kafeini huenda kukaa kwenye kiti cha adenosini. Deni halijalipwa, limezibwa mdomo tu. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kama saa tano baadaye, kwa hiyo vikombe vya kijiweni vya saa mbili usiku, pamoja na kashata zake, bado vinafanya kazi saa saba. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni vivyo hivyo, na sukari juu.

Kwa dereva nina hesabu moja. Utafiti wa Australia wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Akifika saa 24, kama mwenye asilimia 0.10. Ukiondoka Dar es Salaam ukiwa umeamka tangu alfajiri, ukifika Gairo usiku wa manane umelewa bila kuonja. Simama Kibaigwa. Kunywa kahawa, halafu lala dakika 20 hapo hapo. Ukiamka ndipo kafeini inaanza kufanya kazi. Kufungua dirisha na kuongeza muziki hakuzuii ule usingizi wa sekunde tatu, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde tatu ni zaidi ya mita 60 za barabara.

Piritoni inanisaidia kulala. Niendelee?

Piritoni ni dawa ya mzio inayosinzisha kama athari ya pembeni. Mwili unaizoea baada ya siku chache, na wazee inawachanganya akili na kuwaangusha wakienda chooni. Valiamu na jamii yake ni hatari zaidi: hutengeneza utegemezi, na ukichanganya na pombe pumzi inaweza kusimama. Kama unameza kila siku kwa miezi, usiache kwa mkupuo, punguza ukisimamiwa. Tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu ni mazungumzo na mazoezi ya kubadili mazoea ya kulala. Vidonge vinafuata nyuma, kwa muda mfupi.

Mdogo wangu anabwia unga. Tumfungie aache?

Arosto ya heroini ni mateso makubwa: kuhara, kutapika, maumivu ya mifupa, siku nyingi bila usingizi. Mkimfungia, anaweza kupita humo, kisha akitoka akarudia kipimo chake cha zamani wakati mwili umeshasahau kukihimili. Wengi hufa hapo. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, na hapa Dodoma huduma ipo Itega. Mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mtoa huduma, arosto inatulia, anaanza kulala, anaanza kula, anaanza kuzungumza. Mpelekeni yeye, na ninyi mwende naye. Msimwite teja mkiwa njiani.

Watu wanaopandisha kwenye ngoma wanaigiza?

Wachache labda. Wengi hawaigizi. Ngoma ya mfululizo, kucheza hadi jasho, kupumua kwa kasi, njaa, giza, na matarajio ya wote waliozunguka vinaweza kuutenganisha ufahamu wa mtu na mwili wake hata bila tone la kilevi. Wasandawe wa Kondoa na Chemba wana ngoma iitwayo simbo, ambapo mchezaji huzama hadi kuwa simba. Wapo wataalamu wanaoiona hali hiyo kwenye michoro ya miamba ya Kondoa, ile ambayo Mary Leakey alikaa akiinakili mwaka 1951 na ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006: watu warefu wembamba, wengine kama wanaelea. Si kila mtaalamu anakubali. Ukifika Kolo, karibu na michoro hiyo, panda ukaangalie mwenyewe.

Kinachonihusu ni pale mtu anapopandisha nje ya ngoma, bila kutaka, na maisha yanavurugika. Mara nyingi kuna jambo halijasemwa: ndoa ya lazima, kipigo, msiba. Na ikiwa anaanguka, anang'ata ulimi na kujikojolea, apimwe kifafa kwanza kabla ya maombi yoyote kuchukua nafasi ya hospitali.

Mtoto anatembea usingizini. Na babu anarusha ngumi.

Mtoto anafanya hivyo katika usingizi mzito, saa za mwanzo za usiku, na kwa kawaida ataacha akikua. Funga mlango, ondoa jiko, mwongoze kitandani bila kumtikisa. Babu ni tofauti. Mzee anayepiga na kupayuka akiigiza ndoto zake alfajiri ana breki ya REM iliyolegea, na wakati mwingine hiyo ni dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson, miaka kabla mikono haijatetemeka. Apelekwe kwa daktari wa mfumo wa fahamu.

Nina mtihani UDOM. Nikeshe?

Lala. Tangu 1924 inajulikana kwamba aliyejifunza kisha akalala anakumbuka zaidi kuliko aliyejifunza akabaki macho.

Nikienda Mirembe si watasema nimekuwa kichaa?

Najua jina hilo linavyotumika kutukanana barabarani. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, ipo tangu miaka ya 1920, na kwa karibu karne nzima watu wamelifanya neno la aibu hospitali iliyowarudisha ndugu zetu makazini na kwa watoto wao. Kama unaona haya, anza zahanati au kituo cha afya cha karibu, wakupe barua.

Nije na nini?

Njoo na daftari la majuma mawili: ulipanda kitandani saa ngapi, unadhani ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, ulikunywa nini jioni. Njoo na dawa zote unazomeza kwenye mfuko mmoja, za hospitali na za mganga, bila kuficha hata kifurushi. Na njoo na mtu mnayelala naye chumba kimoja. Wewe ulikuwa umelala. Yeye ndiye anayejua kama unakoroma hadi pumzi inakatika, unaweweseka, au unapiga teke. Mara nyingi mke hunieleza kwa dakika tano kile ambacho mumewe asingeweza kunieleza kwa mwaka.